Kumi Kushuka hadi Moja: Msafara wa Mabasi Kutoka Mgololo

Watu wakisikia kwamba mama mtu mzima anaendesha basi ndani ya simu, huanza kumhesabia muda anaopoteza. Mimi nahesabu ninachokipata. Nimevipanga vitu kumi, na nitavishusha kimoja kimoja kwa gia ndogo, kama anavyoshuka mlima Kitonga dereva anayetaka kufika Ruaha Mbuyuni na abiria wake wote.

Gemu lenyewe linaitwa Bus Simulator Indonesia, vijana wanalifupisha BUSSID. Lilitengenezwa na kampuni ya Maleo ya Indonesia, likatoka mwaka 2017. Unaweza kuendesha peke yako, au ukaingia mtandaoni, ukafungua chumba na kupanga msafara na watu ambao hujawahi kuwatia machoni. Msafara wetu una watu wa Mafinga, Makambako na Uyole, una kijana mmoja wa Mombasa, na una mtani wangu Mngoni wa Songea. Tukiwa njiani tunaongea kwa sauti kupitia kundi la WhatsApp. Mtani ameisoma orodha hii kabla yenu na amedai haki ya kujibu. Nimempa. Mhehe akimnyima mtani wake neno, ataambiwa neno hilo msibani, mbele ya wakwe.

10. Hakuna vumbi

Shati jeupe linatoka Jakarta jeupe, linafika Surabaya jeupe. Nani aliyewahi kuja kwetu Mgololo, Mufindi, kutoka Mafinga mwezi wa Septemba, nyuma ya lori la magogo, akasema hilo ni jambo dogo?

Mtani: “Na masika?”

Masika tutayafikia. Kaa kwenye siti yako.

9. Abiria wasiochimba dawa

Abiria wa BUSSID wanapanda, wanakaa, wanafika. Hawachimbi dawa. Hawamwombi konda apunguze sauti ya filamu. Hakuna anayeshuka kununua vitunguu Ruaha Mbuyuni, wala anayepatana bei ya ndoo ya nyanya dirishani Ilula wakati dereva ameshaingiza gia. Utulivu huo dereva wa kweli angeulipia.

Lakini mimi nawakosa watu wale. Safari ya basi katika nchi hii inanogeshwa na mama mwenye kuku kwenye boksi, na bibi anayewagawia karanga watu wa siti tatu mbele na tatu nyuma, na kijana anayejua bei ya mbao kwenye kila stendi hadi Tunduma. Kama kuna mtaalamu wa programu anayesoma hapa, naomba kazi yake ya kwanza iwe hiyo: abiria wanaoongea.

Mtani: “Wahehe wakianza kuongea humo ndani, nani atasikia honi?”

Anayesema hivyo anatoka kwenye basi la Songea, ambalo hufika mwisho wa safari abiria wake bado wanamalizia salamu walizoanza Njombe.

8. Kushoto

Hapa naomba mnivumilie kidogo, maana naamini hii ni sababu kubwa ya gemu hili kupendwa Afrika Mashariki, na sioni ikisemwa vya kutosha.

Indonesia wanaendesha upande wa kushoto wa barabara, usukani uko kulia, sawa na Tanzania, Kenya na Uganda. Kuna magemu mengine mazuri ya barabarani. Euro Truck Simulator 2, iliyotolewa mwaka 2012 na SCS Software ya Prague, imetengenezwa kwa ustadi mkubwa, ila ukiacha sehemu kama Uingereza inakupeleka kulia, tena inataka kompyuta yenye nguvu. BUSSID unaipakua bure, na inatosheka na simu ambayo kijana aliinunua kwa fedha ya kupakia mbao. Akiifungua mara ya kwanza anamkuta dereva ameketi pale pale anapoketi mjomba wake. Anakuta barabara ya njia mbili, pikipiki pembeni, vibanda karibu na lami, na lori linalokwea mlima huku nyuma yake foleni inarefuka.

Java ni kisiwa cha Indonesia, ng'ambo ya Bahari ya Hindi. Waliochora barabara zake walikuwa wanawachorea watu wa kwao, wenye kuijua Malang na Surabaya, na sidhani kama kuna aliyekuwa na habari na Mafinga. Walichofanya ni kuchora kwao kwa ukweli, bila kuona aibu ya kibanda wala lori chakavu. Mtu wa huku kwetu Nyororo akaangalia, akasema: hii naijua. Kama wangejitahidi kuchora barabara ya kila nchi, nadhani wasingempata hata mmoja wetu.

Shikeni hapo. Nikifika namba moja nitaihitaji hoja hii.

7. Rupia

Ukifikisha abiria unalipwa rupia. Rupia zikitosha unanunua basi jingine, refu zaidi, lenye taa nyingi zaidi.

Iringa inazijua rupia tangu zamani, na haikuzijua kwa wema. Ndiyo fedha iliyotumika hapa wakati wa Wajerumani. Mwaka 1898, mwaka ule ule aliokufa Mtwa Mkwawa wa Wahehe, kodi ya nyumba ilianza kudaiwa, na mtu asiyekuwa na rupia alilipa kwa mazao au kwa nguvu za mwili wake. Leo kilembwe wa mtu yule anakusanya rupia akiwa amekaa kwenye kigoda jikoni, kwa kupaki vizuri stendi, na hakuna karani aliyesimama mlangoni na daftari. Nazifurahia zote, hata zile ndogo za safari fupi.

Wengine wamekwenda mbali zaidi na fedha za dunia hizi. Second Life, iliyofunguliwa mwaka 2003 na kampuni ya Linden Lab ya San Francisco, ina dola yake yenyewe inayobadilishwa kwa dola za Marekani. Mwaka 2006 jarida la BusinessWeek liliweka kwenye jalada sura ya Anshe Chung, mhusika wa mwanamke aliyetajirika kwa kununua na kuuza ardhi ya humo ndani. Ardhi hiyo mvua haijawahi kuinyeshea.

Mtani anataka nimwelekeze njia ya kwenda huko akanunue shamba. Mtani wangu, viwanja vya kule havina mpaka wa minyaa. Utagombana na jirani wa Ujerumani mpaka lini?

6. Miti

Hapa dunia za mtandaoni zimeshindwa, na nalisema hili nikiwa nazipenda.

Mnaikumbuka FarmVille, gemu la kilimo la kampuni ya Zynga lililokuwa ndani ya Facebook? Lilianza Juni 2009, likafungwa tarehe 31 Desemba 2020. Stroberi za humo zilikuwa tayari kuvunwa masaa manne baada ya kupandwa. Second Life nayo, siku yake nzima, mchana na usiku, inakwisha ndani ya masaa manne: matatu ya jua, moja la giza. Kila kitu kinakimbia ili mtu asichoke kusubiri.

Sasa njoo Mufindi. Msonobari wa Sao Hill, shamba la miti la Serikali lililo kubwa kuliko yote nchini, unasubiriwa miaka 18 hadi 25 ndipo ukatwe. Kiwanda cha karatasi cha hapa Mgololo kilijengwa kwa sababu ya miti hiyo. Na wananchi wa kawaida wamejifunza hesabu hiyo vizuri mno. Mtoto anazaliwa, baba yake anapanda ekari moja ya miti mlimani, na miti hiyo ndiyo ada ya chuo. Nimewaona wazee ambao wanapanda msonobari wakijua wazi kwamba shoka litashikwa na mtu mwingine. Wanapanda kwa mistari iliyonyooka, wanalima njia ya kuzuia moto, wanarudi nyumbani wametulia.

Hakuna gemu nililoliona linaloweza kumpa mtu raha ile. Yanajua kumfurahisha mtu kwa kuvuna. Kumfurahisha kwa kumpandia mtoto ambaye bado hajaanza kutembea, hapana. Natamani kijana mmoja wa Mufindi atengeneze gemu la namna hiyo, ambalo unapanda leo na mwanao ndiye anayefungua akaunti na kukuta msitu.

Mtani: “Na nyie mkishapanda mnakaa chini kunywa ulanzi miaka 25.”

Ulanzi ni wa masika tu, mtani, na mwaliko wako uko pale pale. Ukija, njoo na dagaa wa Nyasa. Mikono mitupu tumeichoka.

5½. Usiku

Hii nusu imewekwa kwa amri ya mtani, aliyetishia kujitoa kwenye msafara.

Kwa miaka mingi mabasi ya abiria Tanzania yalizuiwa kusafiri usiku kucha, mpaka mwaka 2023 Serikali iliporuhusu tena. Ndani ya gemu ilikuwa ruksa muda wote. Kwa hiyo kuna kizazi cha vijana wetu ambacho kilijua kwanza kwenye simu jinsi taa za gari linalokuja zinavyompofusha dereva, na jinsi mwendo wa 80 kwa saa unavyogeuka kuwa mwingi lami ikiwa nyeusi na mvua imeanza.

Humo hakuna trafiki mwenye tochi kichakani. Msafara wetu umejiwekea wenyewe mwendo wa 80, ule ule ambao sheria inaruhusu kwa mabasi. Anayeuvuka ataambiwa na wenzake kwamba VTS, kile kifaa cha kufuatilia mwendo wa mabasi, inamlilia. Jina la anayeliliwa mara nyingi sitalitaja. Nitasema tu kwamba ndiye aliyeomba nusu hii iwekwe.

5. Honi

Desemba 2016 watoto wa Indonesia walisimama kando ya barabara na mabango wakiwaita madereva wa mabasi, “Om telolet om!”, wakiomba zile honi za muziki. Dereva akipiga, watoto wanaruka. Video zikasambaa, na ndani ya siku chache wapiga muziki wakubwa wa dunia, Zedd na Marshmello wakiwemo, walikuwa wanaandika maneno hayo hayo kwenye kurasa zao. Mwaka uliofuata BUSSID ikatoka na honi hiyo ndani yake.

Watoto wa Sawala, kwenye barabara ya kuja Mgololo, hawakufundishwa na mtu. Wakiona basi wanainua mkono juu na kuvuta kamba isiyoonekana. Dereva mwenye roho nzuri anaelewa. Asiyeelewa anapita kimya, nao wanamtazama mpaka anapotea kwenye kona.

Kwenye msafara tunapiga honi kila tunapoona mtoto aliyechorwa kando ya barabara, ingawa mtoto yule hatasikia. Mimi ndiye niliyeomba tufanye hivyo na ninaisimamia. Kidole kikizoea kumpigia mtoto wa kuchorwa, hakitamsahau wa Sawala.

4. Shikamoo

Ukumbini, shambani na kwenye basi la kweli, jicho linakuambia nani wa kumwamkia. Mtandaoni unaona basi tu. Basi la bluu linaingia kwenye chumba: ni mzee wa miaka 60, au ni mtoto wa darasa la sita aliyechukua simu ya dada yake?

Vijana walikuwa wanaanza na “oya” na “niaje suka”, mpaka siku moja sauti nzito ikajibu, “Mwanangu, mimi ni babu yako.” Kukawa kimya kwenye mabasi yote. Tangu siku hiyo kanuni ya chumba chetu ni moja: anayeingia anatoa shikamoo kwa wote, wakubwa wanaitikia marahaba, wadogo wanakaa kimya kwa adabu, na umri wa kila mtu unajulikana hapo hapo bila kuulizwa. Baada ya shikamoo kila mmoja anaongeza ya kwao. Wa Uyole anasema ugonile. Mimi nasema kamwene. Wa Mombasa anaanza na asalaam aleikum na kuendelea kuulizia afya za nyumba nzima hadi tumetoka mjini.

Nilichojifunza kutoka kwenye kanuni hii ni kwamba heshima haikutegemea uso. Vijana wale wanamwachia njia mzee ambaye wakikutana naye stendi ya Makambako hawatamjua. Wakikuta amepunguza mwendo mlimani hawampigii taa kubwa. Nimekaa vikao vingi vya watu wanaotazamana macho kwa macho ambavyo havikuwa na adabu hiyo.

Ni mtani peke yake aliyegoma. Amesema Mngoni hatoi shikamoo kwa Mhehe, kwa sababu ya mambo ya kale. Nikamjibu kwamba vita vyetu vya mwaka 1878 hadi 1882 viliisha kwa wazee wetu kuchoka na kupatana, bila mshindi, kwa hiyo hakuna deni la kudaiana. Akafikiri kidogo, akasema atatoa shikamoo kwa basi langu, siyo kwangu. Nimeitikia marahaba kwa niaba ya basi.

3. Rangi

Maleo walifanya jambo moja la ukarimu: waliacha mlango wazi. Rangi ya basi kwenye gemu hili ni picha tu. Unaichora, unaiweka kwenye simu, unaipakia, na basi la Java linabadilika.

Vijana wa Tanzania na Kenya waliingia kwa mlango huo wote kwa pamoja. Wakenya wakaleta matatu zao, na mnajua Nairobi matatu isiyo na michoro ni gari lililo uchi. Wa kwetu wakaleta mabasi ya mikoani. Ukitaka kujua kijana ameishi barabarani kiasi gani, tazama vitu vidogo alivyovikumbuka. Namba ya gari ni nyeupe, kwa kuwa ni gari la biashara. Kwenye kioo kuna stika ya Nenda kwa Usalama Barabarani. Chini ya kioo kuna kibao cha vituo, na vituo vimepangwa kwa mfuatano sahihi: Iringa, Mafinga, Makambako, Chimala, Uyole. Nyuma kuna maneno ya dereva kwa maadui zake.

Yupo kijana Makambako anayechora kwa kidole, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Anakuza picha mpaka herufi moja inajaza kioo kizima, anainyoosha, anarudi nyuma kuitazama, anaikuza tena. Mkunjo wa bati juu ya tairi unaipinda michirizi ya rangi, kwa hiyo anaichora ikiwa imepinda kinyume ili ikishakaa kwenye basi ionekane imenyooka. Hilo ni somo la jiometri, na hakuna mwalimu aliyemfundisha. Akimaliza anawatumia watu bure au kwa fedha ya bando. Wapo wanaomwambia aache upuuzi akatafute kazi. Mimi nikimtazama naona kazi tayari imempata, kilichobaki ni mtu wa kuilipa.

Basi langu amenichorea la kijani cha chai, na ubavuni ameandika MGOLOLO kwa herufi zinazosomeka kutoka mbali.

Mtani: “Ili watu wapishe mapema.”

Ndiyo. Na wanapisha.

2. Kusubiriana

Mgololo ni ya milima, misitu na ukungu, na mtandao unakuja unapotaka. Ukikata katikati ya msafara, basi lako linaganda barabarani na sauti yako inakatika. Ukirudi hewani unategemea kukuta wenzako wameshafika.

Unawakuta wamepaki pembeni. Wote, mmoja nyuma ya mwingine, wamewasha hazadi, wakisimuliana habari za mpira. Hakuna pointi zinazotolewa na gemu kwa kusubiri, na muda wote ule bando lao linakwenda. Ni wao tu waliokubaliana kwamba msafara unaofika pungufu haujafika. Nilipoingia kundini mara ya kwanza, hili ndilo lililonifanya nibaki.

Kijana wetu wa Mafinga alipofiwa na babu yake, alituandikia kwamba hatakuwepo wiki hiyo. Wale madereva ambao hawajawahi kumwona wakachangishana kwa simu, kila mmoja alichonacho, ikapelekwa rambirambi. Mtani hakuweza kutoka Songea. Akapiga simu, akaomba iwekwe sauti kubwa katikati ya waombolezaji, akatangaza kwamba marehemu Mhehe huyu hazikwi mpaka ng'ombe wa Wangoni walipwe, na kwamba yeye yuko tayari kusubiri miaka mingine mia. Walionisimulia wanasema mjane wa marehemu, aliyekuwa hajala tangu jana yake, alicheka akashika mbavu, akamjibu kwamba ng'ombe wenyewe walikuwa wamekonda. Kisha akaomba uji.

Hapa mtani hana la kuongeza, na mimi sina la kumtania.

1. Barabara ambayo haijachorwa

Tunazunguka Java yote, na kila mlima wenye kona kali tunauita Kitonga, lakini mpaka leo sijaiona barabara ya Mafinga kuja Mgololo ndani ya simu yoyote. Hiyo ndiyo namba moja yangu, kitu ambacho bado hakipo.

Msiniambie ni mchezo tu. Mwaka 2012 shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, UN-Habitat, ambalo makao yake makuu yako Nairobi, lilianza na Mojang ya Sweden, watengenezaji wa Minecraft, mpango wa Block by Block. Miongoni mwa sehemu za kwanza ilikuwa Kibera, huko huko Nairobi. Wakazi walikaa mbele ya kompyuta, wengine hawakuwa wameizoea kabisa, wakajenga kwa matofali ya gemu la Minecraft jinsi walivyotaka uwanja wao wa wazi uwe. Mtu ambaye angeshindwa kusoma mchoro wa mhandisi aliweza kunyoosha kidole na kusema, ngazi ziwe hapa, taa ziwe pale. Na Dar es Salaam, mradi wa Ramani Huria, ulioanza mwaka 2015, haukuwa gemu hata kidogo, lakini uliwaingiza wanafunzi wa vyuo na wakazi mitaani kuchora kwenye OpenStreetMap mitaro, njia na nyumba za maeneo yanayofurika. Mtaa uliokuwa doa tupu kwenye ramani ukapata njia zake. Mtu akichora kwake, kama walivyofanya wale wa Java, anajikuta analazimika kupatazama. Anagundua daraja ambalo alilipita miaka yote bila kuliona.

Kwa hiyo natoa maelekezo, na nataka yafuatwe.

Ramani ianzie stendi ya Mafinga, na mbao zionekane, maana Mafinga bila mbao ni uongo. Tukishaacha barabara kuu, msituharakishe. Chai iwe imekatwa usawa mmoja, na wachumaji wawe ndani yake wakiwa na vikapu mgongoni, si kijani kitupu kama cha picha za kalenda. Malori ya magogo yawe mengi na yapande mlima polepole kiasi cha kumfundisha dereva subira. Mwezi wa Juni uwe na ukungu wake kamili, unaomfanya mtu awashe taa saa tatu asubuhi na kuendesha akisikiliza. Masika, mtani, ndiyo haya sasa: udongo mwekundu uteleze kweli, tairi la nyuma lihame njia, na abiria washuke kusukuma. Nataka abiria washuke. Wakishuka, waongee.

Reli ya TAZARA iwepo. Ina kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilikabidhiwa mwaka 1976, na kipande cha kutoka Mlimba kupanda Makambako ndicho kilichowatesa wajenzi kuliko vyote, kwa mahandaki na madaraja yake. Ramani ya upande wetu isiyo na reli hiyo nitairudisha kwa mchoraji. Kiwanda kiwepo na bomba lake la moshi, na mabadiliko ya zamu yaonekane, watu wakitoka na baiskeli.

Nimempigia simu kijana wa Makambako. Amekubali kuanza, ila amesema kuchora basi na kuchora ardhi ni fani mbili, atahitaji mwenzake anayejua kutengeneza modi za ramani. Kijana wa Mombasa anamjua mmoja Kisauni. Mtani amesema atatoa mchango wa bando kwa sharti kwamba barabara isiishie kwetu. Pale Makambako iwepo njia ya kushoto, iende Njombe, iende mpaka Songea. Nimelikubali sharti lake, na nimeongeza langu, kwamba kipande cha Songea akipige picha mwenyewe, kwa mwendo wa 80.

Huku kwetu picha ndizo zinazohitajika kwanza. Unayepita Sawala wiki hii na simu yenye kamera, piga makalavati, vibao, kona na miteremko, na upige ukiwa mbele kwa dereva, juu kidogo, maana ramani inachorwa kutoka pale anapokaa mwenye usukani. Za dirishani tunazo za kutosha.